Maswali ya Wasomaji: Nani Mwenye Eneo la Wazi?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii ya mipango miji katika wiki za karibuni zinahusu viwanja vya kuchezea, bustani, misitu ya mjini na njia za waendao kwa miguu. Tumechagua nne, tukazifupisha bila kubadili maana, na tumeondoa majina ya walioandika pamoja na ya wale wanaolalamikiwa.

SWALI (Sinza, Dar es Salaam): Mtaani kwetu kuna kiwanja ambacho watoto wamekuwa wakicheza mpira tangu wazazi wetu walipohamia hapa. Mwezi uliopita tuliamka tukakuta kimezungushiwa mabati, magoli yameng'olewa, na yupo mlinzi anayesema kwamba mwenye eneo ana hati. Mwenyekiti wa mtaa anasema hana taarifa. Je, eneo la wazi linaweza kuwa na hati ya mtu binafsi? Na sisi wakazi tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa yaliyowakuta. Nianze na jambo litakalowasaidia sana, nalo ni historia ya mtaa wenu. Sinza haikuota kiholela. Pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa katika miaka ya 1970 kupitia mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao uliwapa wananchi wa kipato cha kawaida viwanja vidogo vilivyopimwa ili wajijengee wenyewe. Maana yake ni kwamba kila kipande cha ardhi mtaani kwenu, kiwe cha nyumba, cha barabara au cha mpira, kilichorwa kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajaweka tofali la kwanza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyinyi daftari mnalo, ila halijafunguliwa.

Kwa hiyo msianze na mabati. Najua vijana wanatamani kuyang'oa usiku mmoja yaishe, lakini anayevunja uzio hugeuka mshtakiwa, na mjadala huhama kutoka kwenye uhalali wa hati ukaingia kwenye uharibifu wa mali. Andikeni barua ya wakazi, ipitie kwa mtendaji wa mtaa igongwe muhuri, kisha wachache wenu waende ofisi ya mipango miji ya halmashauri wakaombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa kitalu chenu. Mchoro huo una namba, una tarehe na una sahihi ya aliyeuidhinisha, na maeneo ya wazi kwa kawaida hupakwa rangi ya kijani. Mkiukuta uwanja wenu umo kwenye kijani, nakilini namba ya mchoro, halafu ombeni na ramani ya upimaji ili mlinganishe, kwa sababu huweza kutokea mchoro ukaonyesha uwanja mmoja mpana ilhali ramani ya upimaji iliyokuja baadaye inaonyesha viwanja vya makazi mahali pale pale. Tofauti hiyo kati ya karatasi mbili ndiyo ushahidi wenu mkubwa. Angalieni pia pembe za uzio. Kama kuna mawe ya mipaka, yapigeni picha kwa karibu hadi namba zilizo juu yake zisomeke, maana mpima ardhi akipewa namba hizo anaweza kueleza zimetokana na upimaji upi.

Baada ya hapo fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Mtu yeyote anaruhusiwa kulipa ada na kuuliza kiwanja fulani kimesajiliwa kwa jina la nani. Majibu yakionyesha kwamba hakuna hati, basi aliyezungushia mabati ni mvamizi, na halmashauri ina mamlaka ya kumpa notisi aondoke. Yakionyesha kwamba hati ipo, lakini ni ya kiwanja cha jirani kilichotambaa hadi uwanjani, dawa yake ni kufufua mipaka mbele ya pande zote. Tabu iko kwenye hali ya tatu, ambapo hati ni ya uwanja wenyewe.

Mmeuliza kama hilo linawezekana. Kihalali linawezekana kwa njia moja tu, nayo ni matumizi ya eneo kuwa yamebadilishwa rasmi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, mpango ulioidhinishwa haubadilishwi kwa maneno ya mdomo wala kwa barua ya ofisa mmoja. Kubadili matumizi kunahitaji maombi, tangazo kwa umma ili wenye pingamizi wajitokeze, kikao cha kamati ya halmashauri na idhini ya mamlaka ya juu. Ulizeni kwa maandishi tangazo lilibandikwa wapi na lini, na muhtasari wa kikao uko wapi. Hati iliyotolewa juu ya eneo la wazi bila kupitia hatua hizo ina kasoro katika msingi wake, hata kama karatasi ni halisi na mihuri ni ya kweli. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inampa Rais mamlaka ya kufuta milki kwa manufaa ya umma, na kwa kuwa mapendekezo ya namna hiyo kwa kawaida huanzia ngazi ya halmashauri, diwani wenu hawezi kusema kwamba jambo hili limemzidi kimo.

Hapa naomba niseme ninaloliona kuwa kiini cha tatizo. Uwanja haupotei siku mabati yanapofika. Hupotea miezi mingi kabla, pengine miaka, siku tangazo linapobandikwa mahali asipopita mtu, au siku kikao kinapoamua na diwani asirudi kuwaeleza waliomchagua. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, na mwaka 2022 ikawa na watu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulala. Katika mji wa namna hiyo, ardhi isiyo na ukuta huonekana machoni pa mwenye fedha kuwa ni ardhi isiyo na kazi. Ninyi mnajua kwamba kazi inayo: ndipo maturubai ya misiba yanapofungwa, ndipo mikutano ya mtaa inapofanyika, ndipo watoto wanapokuwa mbali na magari. Yaandikeni hayo kwenye barua yenu, mkiambatanisha picha za zamani ambazo familia zenu zinazo, zile za mechi na za harusi, kwa kuwa matumizi ya miaka mingi nayo ni ushahidi.

Ikibidi kwenda mahakamani, mnayo silaha ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, katika kifungu cha 4, inatoa haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na ndani ya haki hiyo inataja haki ya raia kuyafikia maeneo ya umma kwa ajili ya mapumziko, elimu, afya, ibada, utamaduni na uchumi; kifungu cha 5 kinaruhusu kufungua shauri ili kuilinda. Uzito wa kifungu hicho cha pili unaonekana vizuri ukitazama yaliyotokea kwa jirani zetu. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alikwenda Mahakama Kuu ya Kenya kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi, na shauri lake likatupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kulifungua, kwani jambo hilo halikumdhuru yeye kuliko lilivyowadhuru wananchi wengine. Jengo halikujengwa, lakini lilizuiwa na kelele za wananchi na kujitoa kwa wafadhili, si na mahakama. Ninyi sheria imekwisha kuwavusha kizingiti hicho. Kumbukeni tu kwamba anayetaka kuishtaki Serikali, zikiwemo halmashauri, hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, na siku hizo ni nyingi kwa mtu ambaye mchanga na kokoto vyake vimeshamwagwa. Barua ya kwanza iandikwe wiki hii.

SWALI (Kasarani, Nairobi): Wangari Maathai alijeruhiwa akiutetea Msitu wa Karura ili ubaki kuwa wa wananchi. Leo nikitaka kuwapeleka watoto wangu huko, nalipa kiingilio langoni. Je, mahali pa umma panapotozwa kiingilio bado ni pa umma?

JIBU: Swali lako ni la haki, na sitalijibu kwa ndiyo au hapana.

Karura ina ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, na katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi waliokusudia kujenga majumba ya kifahari. Januari 1999 Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Hiyo ndiyo sehemu ya habari ambayo kila mtu anaikumbuka. Sehemu inayosahauliwa ni kwamba msitu uliookolewa mikononi mwa wanyakuzi bado ulikuwa haupitiki. Watu wa Nairobi waliuogopa kwa sababu ya majambazi, na mwanamke hakuthubutu kuingia peke yake. Mabadiliko yalikuja pale Huduma ya Misitu ya Kenya ilipoanza kuusimamia kwa pamoja na chama cha jamii cha Marafiki wa Karura, chini ya Sheria ya Misitu ya 2005, ukawekwa uzio wa umeme, njia zikasafishwa na doria ikawa ya kila siku. Kazi hiyo inagharimu fedha, na kiingilio kimekuwa nguzo yake.

Kwa hiyo sioni kosa katika kiingilio chenyewe. Kosa ninaliona kinapopandishwa bila mapato na matumizi kuwekwa wazi kwa wanaolipa, na kosa kubwa zaidi ninaliona katika jiografia. Karura imepakana na Muthaiga, Gigiri na Runda, mitaa ambayo nyumba nyingi tayari zina bustani zake. Mzazi wa Dandora au Mathare analipa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajafika langoni, kisha analipa tena langoni, na mwisho safari ya kuona miti inakuwa ya sikukuu tu. Ningependa kuona siku maalumu ambazo wanafunzi wa shule za umma wanaingia bure, lakini hata hilo halitoshi. Watoto wa Eastlands, yaani mitaa hiyo ya mashariki ya Nairobi, wanahitaji viwanja vya karibu ambavyo wanaweza kuvifikia kwa miguu baada ya shule, na huo ni wajibu wa kaunti ambao hauwezi kubebeshwa msitu mmoja.

Bustani za katikati ya mji ni habari nyingine kabisa, na huko msimamo wangu ni mkali. Jeevanjee Gardens ilitolewa zawadi kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, na mpango wa mwaka 1991 wa kuichukua kwa ajili ya ujenzi, ikiwemo maegesho ya magari, ulikufa baada ya mjukuu wake, Zarina Patel, na wananchi wengine kuupinga hadharani. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969. Hapo ndipo kibarua anapokula chakula chake cha mchana, ndipo anayetafuta kazi anapopumzisha miguu kati ya ofisi moja na nyingine. Mtu huyo hana shilingi ya ziada, na lango la malipo litamfungia nje hata likiandikwa maneno ya ukarimu kiasi gani. Bustani kama hizo zitunzwe kwa kodi, na zikifungwa kwa ukarabati, wananchi waambiwe mapema zitafunguliwa lini.

SWALI (Mwanza): Mtaa wetu uko mlimani na haukuwahi kupimwa. Sasa urasimishaji, yaani kupimiwa makazi yetu ili tupewe hati, umetufikia, kamati imeundwa, na kila kaya inachangia. Katika mchoro wa awali nimeona viwanja na barabara tu. Nilipouliza mkutanoni watoto watacheza wapi, niliambiwa nijitolee kiwanja changu. Je, nilikosea kuuliza?

JIBU: Hukukosea hata kidogo, tena umeuliza wakati wake. Mchoro wa awali ni karatasi ambayo bado inafutika. Ukishaidhinishwa, viwanja vikapimwa na watu wakapewa hati, kila mita mtakayoihitaji itakuwa na mwenyewe, na itadai fidia.

Ni vyema wajumbe wa kamati waelewe kwanza kwa nini nafasi haipo. Ardhi ya mitaa isiyopimwa ilikuwa mashamba, na mashamba yaliuzwa vipande vipande. Kila muuzaji aliacha kichochoro cha kumtosha yeye na mnunuzi wake, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kuacha uwanja kwa ajili ya watu ambao hawajahamia. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake Nairobi, linashauri kwamba karibu nusu ya ardhi ya mji iende kwenye barabara na maeneo ya wazi, yaani asilimia 30 hadi 35 kwa barabara na asilimia 15 hadi 20 kwa maeneo ya wazi. Mtaa wenu hautafika huko, na sidhani kwamba ni busara kumbomolea mtu nyumba ili kuitimiza asilimia. Lakini kutoka sifuri hadi kitu fulani kunawezekana.

Tazameni kwanza ardhi ambayo hakuna anayeweza kujenga. Mwanza imejaliwa majabali, na katika mitaa mingi ya milimani kuna mwamba mpana ambao watoto wameshaugeuza uwanja wa kuteleza na kina mama wanaanikia dagaa au nguo. Mwamba huo uchorwe kama eneo la wazi, upewe namba na mipaka, usiachwe kuwa nafasi nyeupe kwenye mchoro. Eneo lisiloandikwa jina ni kiwanja kinachosubiri mnunuzi, na mnunuzi mwenye baruti za kupasulia mawe hatakosekana. Tazameni pia kingo za mito na mikondo ya maji. Sheria ya mazingira niliyoitaja hapo juu, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na kwa mji unaopitiwa na Mto Mirongo kabla haujaingia Ziwa Victoria, hiyo ni ardhi nyingi ambayo inaweza kuwa njia ya kutembea yenye miti. Dar es Salaam imelipa gharama kubwa kwa kulipuuza hilo katika bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamishia wengine Mabwepande, na sasa Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, inatekeleza mradi wa kuligeuza eneo la Jangwani liwe bustani ya mji. Bonde lilikuwa wazi tangu mwanzo. Lingeachwa hivyo, gharama hiyo yote isingekuwepo.

Njia ya tatu ni shule ya msingi. Uwanja wake hulala bure jioni na mwishoni mwa wiki, na makubaliano ya maandishi kati ya kamati ya shule na serikali ya mtaa, yanayosema nani anashika ufunguo na nani anafagia, yanaweza kuufungua kwa mtaa mzima. Njia ya nne ni ngumu lakini nimeiweka kwa makusudi: kununua. Kama kaya zinachangia upimaji, mkutano unaweza kuamua kuongeza mchango kidogo ili kununua kiwanja kimoja kilicho wazi kutoka kwa mwenyewe, kwa bei ya haki. Hilo ndilo jibu la kumpa yule aliyekuambia ujitolee cha kwako. Hakuna anayestahili kubeba peke yake mzigo wa mtaa, na hakuna sababu ya mtaa kushindwa kuubeba kwa pamoja.

Msisahau barabara zenyewe. Mlimani, kwenye ngazi na vichochoro, ndiko watu wanakosalimiana na ndiko watoto wanakocheza kwa kweli. Kamati ikibana upana wa njia ili kuokoa ukuta wa mtu, itakuwa imepunguza uwanja pekee ambao mtaa mzima unautumia.

SWALI (Dodoma): Natumia kiti cha magurudumu. Katikati ya mji njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za biashara na pikipiki zilizoegeshwa, hata nalazimika kushuka barabarani kwenye magari. Nikilalamika, naambiwa nataka kuwanyima maskini riziki yao.

JIBU: Maneno hayo yanakuumiza bure, kwa sababu wewe na mfanyabiashara mdogo hamgombanii kitu kimoja. Yeye anahitaji kuwa karibu na wapitao, na wewe ni mmoja wa wapitao. Machinga walipohamishiwa maeneo maalumu kuanzia mwishoni mwa 2021, baadhi walirudi barabarani kwa kuwa wateja hawakuwafuata, na wataendelea kurudi mradi wateja wako huko. Njia inayofaa ni kugawana nafasi kwa mstari wa rangi uliochorwa chini: upande mmoja wa kupita, ambao hauguswi hata na kapu, na upande mwingine wa meza, pale tu ambapo upana unaruhusu. Pasiporuhusu, kupita ndiko kunakotangulia. Pikipiki na magari sina neno la kuwatetea, na inasikitisha kwamba mama wa maandazi hufukuzwa mapema kuliko gari lililopandishwa juu ya njia hiyo hiyo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 iko upande wako. Nenda ukaonane kwanza na viongozi wa machinga wa eneo hilo, mkapime upana kwa kiti chako mwenyewe huku mtu mwingine akikupishana, kwani wakishaona kwa macho yao mtakubaliana haraka kuliko mkipelekana kwa mgambo. Kisha barua yenu ya pamoja, yenye picha na vipimo hivyo, iende TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), ambayo tangu mwaka 2017 ndiyo inayosimamia barabara za mijini, na nakala iende halmashauri. Kama barabara yenyewe ni kuu, iandikie TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ukikosea mlango hapo, barua yako itazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa miezi.